Mabondo, mwangwi na mipaka ya ziwa

SWALI: Mimi ni mvuvi wa sangara hapa Musoma. Kwa nini watafiti wa Kenya na Uganda washirikishwe kuhesabu samaki wetu?

JIBU: Wetu na nani? Tanzania ina asilimia 51 ya Ziwa Victoria, Uganda 43 na Kenya 6, lakini sangara anakula na kuzaliana kote. Ndiyo maana nchi hizo zilitia saini mkataba mwaka 1994 wa kuunda taasisi ya pamoja ya uvuvi, yenye makao Jinja. Kila nchi ikipima kivyake, kwa wakati wake na kifaa chake, takwimu hazilinganishiki.

Katika upimaji wa pamoja, chombo cha utafiti hutuma sauti majini na kusikiliza mwangwi. Kinachorudisha sehemu kubwa ya mwangwi ni bondo, yaani mfuko wa hewa ndani ya samaki, hilohilo mnalouza ghali kuliko minofu! Kisha watafiti hushusha nyavu kuhakiki aina na ukubwa wa samaki waliosikika.

Njia hii ina upungufu wake. Sato wa kwenye kina kifupi hawaonekani vizuri, na dagaa wakichanganyika na furu ni vigumu kuwatenganisha. Hapo hutegemewa takwimu za mialoni, na kwa maoni yangu hapo ndipo kazi inapolegea, kwa kuwa wengi hutaja mavuno pungufu wakihofia ushuru.

Kwa hiyo mkusanya takwimu akifika mwaloni kwenu, mpimie samaki wote, hata sangara wasiofika sentimita 50, kipimo cha chini kinachoruhusiwa.