Plasta Imetolewa, Kazi Imeanza

Leo tunasoma habari ya mkono uliovunjika.

Msimu uliopita wa kupanda tulimtembelea mama mmoja hapa Mahongole. Aliteleza akiwa na ndoo ya maji, akajikinga kwa kiganja, mfupa wa karibu na kifundo cha mkono ukavunjika. Hospitali wakamfunga plasta ngumu, ile watu wanayoiita hogo. Baada ya wiki 6 ikatolewa. Sisi tulimkuta miezi 2 baadaye, mkono bado umening'inia kwenye kanga. Vidole havikunji ngumi. Jembe liko nyuma ya mlango, na mahindi anapandiwa na majirani.

"Shikamoo mama. Mkono unaendeleaje?"

"Marahaba, wanangu. Nautunza. Naogopa usije ukavunjika tena."

Hatukumlaumu. Siku ya kutolewa plasta hakuna aliyemweleza la kufanya.

Plasta hutuliza mfupa ili uunge. Lakini mfupa ukiwa unaunga, misuli inakonda kwa kukosa kazi, na maungio yanakakamaa. Ni kama bawaba ya mlango usiofunguliwa masika yote. Mfupa umepona, mkono bado.

Basi kazi inaanza plasta ikiwa bado mkononi. Kunja na kunjua vidole, kunja kiwiko, inua bega, mara nyingi kwa siku. Lakini vidole vikiwa baridi, vikibadilika rangi, vikifa ganzi, au maumivu yakizidi, rudi hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku. Plasta inaweza kuwa imebana damu isipite.

Plasta ikishatolewa, na daktari amesema mfupa umeunga, chukua beseni la maji ya uvuguvugu. Tumbukiza mkono dakika chache, halafu fanya hivi. Kunja ngumi taratibu, fungua. Gusisha kidole gumba na kila kidole. Kutanisha viganja kama mtu anayesali, shusha mikono polepole mpaka uhisi kifundo kinavutika. Kisha bana kiwiko ubavuni, shika mwiko, geuza kiganja juu kama unayeomba chumvi, geuza chini. Kila zoezi mara 10, asubuhi, mchana na jioni. Baada ya siku kadhaa ongeza kukamua kitambaa kilicholowa.

Je, kuuma? Kutauma kidogo, na hapo ndipo wengi wanaacha. Maumivu ya kuvutika yanayotulia baada ya muda mfupi hayana ubaya. Yakikesha nawe, au mkono ukivimba zaidi, punguza, kamwone mganga. Ndoo na jembe vingoje ruhusa ya daktari. Aliyewekewa vyuma afuate maelezo ya daktari wake tu.

Hospitali kubwa kama Muhimbili na KCMC zina wataalamu wa mazoezi tiba. Sisi huku tuko mbali nazo, kwa hiyo kabla hujaondoka hospitali uliza: "Nifanye mazoezi gani nyumbani?" Usione haya kuuliza.

Mama yule wiki ya kwanza alitoa machozi. Mjukuu wake ndiye alikuwa anahesabu mpaka 10. Ilipofika palizi alishika jembe, si kutwa nzima, ila alishika.

Neno moja kwa wenye miaka 60 na zaidi. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba mazoezi ya miguu na ya kusimama imara hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Keti kwenye kiti imara, simama bila kujisukuma kwa mikono, keti tena, mara 10. Halafu shika mwimo wa mlango, simama kwa mguu mmoja, ukihesabu mpaka 10.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vilisoma na kujadiliana pamoja. Somo hili nalo lisomwe hivyo: mmoja asome, wengine wafanye.

Maswali ya kikundi: Nani hapa kijijini alivunjika, na kiungo hakijarudia kazi yake? Njia ya kisimani ina utelezi wapi? Nani atakwenda kuichonga ngazi, na siku gani?