Lugha ya Nyenzo za Uamuzi kuhusu Uzazi kwa Wanawake Wenye Saratani: Mfano wa Kibaha na Kisarawe

Ikisiri
Makala haya yanachunguza msamiati wa Kiswahili unaohitajika katika nyenzo za kumsaidia mwanamke mwenye saratani kuamua, kabla ya tiba, kuhusu kutunza uwezo wake wa kuzaa. Inadaiwa kwamba utata wa neno kizazi na ukali wa neno tasa waweza kumnyima mgonjwa nafasi ya kuamua.

1.0 Utangulizi
Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayowapata wanawake wengi zaidi nchini Tanzania. Tiba ya mionzi kwa mgonjwa atokaye Kibaha au Kisarawe hupatikana Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Mionzi ya nyonga huharibu ovari na kudhoofisha mji wa mimba. Baadhi ya dawa, kama vile saiklofosfamidi, hupunguza mayai. Kwa hiyo uamuzi kuhusu uzazi hauna budi kuitangulia tiba.

Nyenzo ya uamuzi ni kijitabu au chati ielezayo njia zilizopo pamoja na faida na madhara ya kila moja, kisha humwuliza mgonjwa ni lipi analolithamini zaidi. Vigezo vya kimataifa vya kupima ubora wa nyenzo hizo vilichapishwa mwaka 2006.

2.0 Utata wa Neno Kizazi
Kizazi ni kiungo, yaani mji wa mimba. Ni uwezo wa kuzaa. Tena ni watu wa rika au wa ukoo mmoja. Chukuliwe mfano wa mgonjwa anayeambiwa, "Kizazi chako hakitatolewa." Kauli hiyo ni kweli kuhusu kiungo, kwa kuwa mionzi hukiacha mahali pake. Lakini mgonjwa aweza kuelewa kwamba atazaa, na akaweka sahihi kwa imani hiyo. Inapendekezwa basi kwamba mji wa mimba litumike kwa kiungo, na uwezo wa kuzaa kwa dhana ya pili. Vilevile, hifadhi ya uzazi yaweza kudhaniwa kuwa ni uzazi wa mpango. Kutunza uwezo wa kuzaa ni bora zaidi. Hata kugandisha kuna utata: hugandishwa mayai ili yahifadhiwe, na hugandishwa shingo ya kizazi ili kuua chembe zinazoelekea kuwa saratani.

3.0 Tasa na Muktadha wa Uzaramo
Katika Uzaramo, ambako Kisarawe imo, mwali aliwekwa ndani na kupewa mwanahiti, kinyago kidogo kinachohusishwa na uzazi. Marja-Liisa Swantz alizichambua mila hizi katika utafiti wake wa mwaka 1970. Pale ambapo ukoo hufuata upande wa mama, kuzaa kwa mwanamke ni kuendelea kwa ukoo. Kumwita mgonjwa tasa ni kumbadilisha yeye mwenyewe, si kueleza athari ya tiba. Kauli "tiba hii yaweza kukuzuia kushika mimba" huiweka athari kwenye tiba. Nyenzo yafaa pia iwe na sehemu ya kusomwa pamoja na mume, mama au somo, lakini ikitamka wazi kwamba neno la mwisho ni la mgonjwa.

4.0 Ukweli wa Njia Zilizopo
Lugha nyepesi isifiche mipaka. Mayai yaliyogandishwa pekee hayamwezeshi kubeba mimba mwanamke ambaye mji wake wa mimba umeharibiwa na mionzi. Kwa saratani ya awali upo upasuaji wa kuondoa shingo na kuubakiza mji wa mimba, ulioanzishwa na Daniel Dargent wa Ufaransa mwaka 1987. Ugonjwa ukikomaa njia hiyo hufungwa. Njia isiyopatikana karibu, au yenye gharama kubwa, itajwe hivyo. Aidha, huenda pekee haitoshi: msomaji mmoja hulisikia kama ahadi, mwingine kama kukatishwa tamaa. Inapojulikana, idadi itolewe kwa kuhesabu wanawake kati ya 10.

5.0 Hitimisho
Imedhihirika kwamba tafsiri ya neno kwa neno haitoshi. Istilahi zijaribiwe kwa wasomaji wa Kibaha na Kisarawe kabla ya kusanifishwa, kwani kosa la istilahi hapa halisahihishwi katika toleo linalofuata: tiba ikishaanza, uamuzi umekwisha kupita.