Kuichambua Namba 111,111 Darasani

Namba kubwa huwatisha watoto kwa wingi wa tarakimu zake. Nasi walimu huizidisha hofu hiyo tunapowaamuru wagawanye kabla hatujawafundisha kuitazama namba jinsi ilivyojengwa. Katika somo hili, linalowafaa wanafunzi wa Darasa la Sita waliokwisha kujifunza namba tasa, tutatumia namba 111,111.

Utangulizi. Mwalimu aiandike namba hiyo ubaoni na kuuliza: "Je, namba hii ni tasa?" Huenda wengi wakajibu kuwa ni tasa, kwa sababu 11 ni tasa na hii imefanana nayo. Jibu hilo lisichekwe. Liandikwe pembeni mwa ubao, lipate kupimwa.

Hatua ya kwanza. Wanafunzi wajumlishe tarakimu zote. Jumla ni 6, nayo hugawanyika kwa 3. Kwa hiyo namba yenyewe hugawanyika kwa 3. Dai la ubaoni limekwisha kuanguka. Lakini 6 haigawanyiki kwa 9, hivyo namba yetu pia haigawanyiki kwa 9.

Hatua ya pili. Wazitenge tarakimu katika mafungu mawili ya tarakimu tatu tatu, wakikumbuka thamani ya nafasi. Fungu la kushoto ni maelfu 111, na la kulia ni 111. Basi:

111,111 = 111,000 + 111 = 111 × 1,001

Hatua ya tatu. Wachambue kila sehemu: 111 = 3 × 37, na 1,001 = 7 × 11 × 13. Kwa hiyo:

111,111 = 3 × 7 × 11 × 13 × 37

Vigawo tasa hivi vitano vyote ni tofauti, na kila kimoja chaweza kuchukuliwa au kuachwa. Hivyo namba yetu ina vigawo 2 × 2 × 2 × 2 × 2, yaani 32, pamoja na 1 na namba yenyewe.

Tahadhari. Sasa tuwape 11,111. Watajaribu 3, 7, 11, 13 na 37 bila kufaulu, na baadhi yao wataandika "tasa". Mwalimu asiyejiandaa ataweka alama ya vema. Kumbe 11,111 = 41 × 271. Kushindwa kukipata kigawo si ushahidi kwamba hakipo. Ili kuthibitisha kuwa namba ni tasa, yatupasa kujaribu kila namba tasa ambayo ikizidishwa kwa yenyewe haiizidi namba inayochunguzwa. Kwa namba ya ukubwa wa 11,111, majaribio hayo hufika hadi 103.

Zoezi. Kila mwanafunzi aandike namba yoyote ya tarakimu tatu, kisha airudie mbele yake, kwa mfano 428,428. Aigawanye kwa 7, jawabu aligawanye kwa 11, kisha kwa 13. Namba ya mwanzo itarejea. Aeleze kwa nini. Anayetoa jawabu bila sababu bado hajaimaliza kazi yake.