Taa za Noeli: Zawashwa kwa Ajili ya Nani?

Somo la wakati wa Majilio, kwa washarika na wainjilisti.
Someni kwanza: Isaya 9:1-7, Mathayo 2:1-12, Mathayo 5:14-16, Yohana 1:1-14.



Wakati wa Majilio katika nchi nyingi za Wakristo watu hupamba nyumba zao kwa taa. Huko Marekani iko desturi inayojulikana sana: jamaa nzima, baba na mama na watoto, hutoka jioni kwa miguu au kwa motakaa, wakapita mtaa kwa mtaa kutazama jinsi majirani walivyopamba nyumba zao kwa taa za rangi nyingi, juu ya mapaa, madirishani na mitini. Hawabishi hodi, wala hawaingii ndani. Hutazama, husifu, kisha huenda zao. Taa za namna hiyo zaonekana hata katika miji yetu, madukani na mahotelini, na katika nyumba za Wakristo pia. Basi yafaa tuulize mambo matatu: Taa hizi zilitoka wapi? Je, ni halali kwetu? Nazo zatufundisha nini?

I. Asili ya taa za dirishani

Shina moja la desturi hii li karibu na habari za kanisa letu kuliko wengi wadhanivyo. Katika nchi ya Sachsen, huko Ujerumani, iko milima iitwayo Erzgebirge, maana yake Milima ya Madini. Fedha ilionekana huko karibu na Freiberg mwaka 1168, na tangu hapo watu wengi waliishi kwa kazi ya kuchimba. Sisi tumezoea mchana na usiku ulio karibu sawa mwaka mzima. Huko sivyo. Mwezi wa Desemba jua huchomoza kama saa mbili ya asubuhi, na mnamo saa kumi jioni limekwisha kutua. Mchimba madini alishuka shimoni kabla ya kupambazuka, akatoka giza limekwisha kuingia. Siku nyingi za majira ya baridi hakuliona jua ila siku ya Jumapili.

Mtu wa namna hiyo hahitaji kufundishwa thamani ya nuru. Katika nyumba za wachimbaji hao ilitokea desturi ya kuweka dirishani, wakati wa Noeli, sanamu ndogo za mti zenye kushika mishumaa: mchimba madini mmoja kwa kila mtoto wa kiume, na malaika mmoja kwa kila mtoto wa kike. Hivyo mpita njia, akihesabu mianga, aliweza kujua ni watoto wangapi waliomo nyumbani. Katika karne ya 18 wakaanza kufanya pia upinde wa chuma wa kusimamishia mishumaa. Upinde huo wahusishwa sana na mji wa Johanngeorgenstadt. Nao mji huo ulijengwa mwaka 1654 na Walutheri waliofukuzwa kwao Bohemia kwa ajili ya imani yao. Watu waliopoteza nyumba zao ndio walioujenga mji huo unaojulikana kwa taa za dirishani.

Tena, Sachsen hiyo ndiyo nchi ya mji wa Leipzig, ambao misioni yake iliwatuma wajumbe waliofika Machame, Kilimanjaro, mwaka 1893. Kwa hiyo desturi hiyo ni ya nchi ile ile ambako wengi wa baba zetu waliletewa Injili.

Tukumbuke na Johann Hinrich Wichern wa Hamburg. Mwaka 1833 alianzisha nyumba ya kulelea watoto maskini. Watoto hao walimwuliza mara kwa mara kama Noeli imekaribia. Basi mwaka 1839 alichukua gurudumu, akasimamisha juu yake mishumaa midogo myekundu kwa siku za kazi, na mikubwa minne myeupe kwa Jumapili za Majilio. Kila siku waliwasha mmoja zaidi, na nuru ikaongezeka mpaka sikukuu. Taji ya Majilio tunayoiona leo makanisani ilitoka hapo.

Angalieni, basi: taa hizo za kwanza hazikuwekwa mbele ya watazamaji tu. Kila moja ilikuwa na mtu wake. Ya dirishani ilimhusu mtoto wa nyumba, nayo ilimpokea baba atokaye shimoni. Ya Wichern iliwashwa kwa ajili ya mtoto asiye na mtu wa kumngojea.

II. Taa za umeme

Mwaka 1882 Edward H. Johnson, aliyekuwa mwenzake Thomas Edison katika kazi ya umeme, aliupamba mti wa Noeli nyumbani kwake New York kwa taa ndogo 80, nyekundu, nyeupe na samawati. Mwanzoni jambo hilo lilikuwa la matajiri. Baadaye bei ilishuka, na taa zikatoka sebuleni zikafika nje ya nyumba na barabarani.

Katika mji wa Altadena, jimbo la California, iko barabara yenye mierezi mikubwa iliyopandwa katika karne ya 19. Mwaka 1920 walianza kuitundikia taa wakati wa Noeli, na tangu hapo watu wengi wamepita kuitazama, motakaa zikienda polepole chini ya matawi. Lakini tarehe 7 Januari 2025 moto mkubwa uliwaka milimani karibu na mji huo, ukaenezwa na upepo mkali. Maelfu ya nyumba yaliteketea, na nyumba za ibada pia, na watu zaidi ya kumi walikufa. Mierezi mingi ya barabara ile ilisalimika, bali majirani wengi walibaki na majivu.

Sisemi haya ili kuwahukumu watu wa mahali pale, kana kwamba moto uliwapata kwa ajili ya taa zao. Bwana wetu alikataza hukumu za namna hiyo aliposema juu ya mnara wa Siloamu (Luka 13:1-5). Nayasema kwa sababu yatuonyesha jambo ambalo taa huweza kulificha. Aliyepita miaka mingi akitazama nyumba iliyopambwa, huenda hakumjua hata mmoja wa waliomo ndani. Siku ile nyumba ikiteketea, atamtafutia nani mahali pa kulala?

III. Je, ni halali?

Ndiyo, ni halali. Maungamo ya kanisa letu, katika Kanuni ya Mapatano ya mwaka 1577, sehemu ya 10, yafundisha juu ya mambo ambayo Neno la Mungu halikuyaamuru wala halikuyakataza. Katika mambo hayo kanisa lina uhuru. Taa za Noeli ni mojawapo. Awashaye hakuongeza kitu katika wokovu wake, na asiyewasha hakupungukiwa na kitu.

Lakini uhuru huo una mipaka miwili. Kwanza, jambo la hiari lisifanywe sharti. Msharika maskini asionekane kuwa Mkristo nusu kwa kuwa nyumba yake haina pambo, wala mtu asikope fedha ili ashindane na jirani yake. Pili, upendo ndio upimao uhuru. Taa inayofanywa ili jirani aonewe haya, hata ikiwa nzuri namna gani, imekwisha kuwa taa ya mwenyewe, wala si ya Kristo. Katika Mathayo 5 Bwana ataka nuru yetu ionekane mbele ya watu, lakini ataja kusudi lake: waone matendo mema, wamtukuze Baba. Hakusema watusifu sisi.

IV. Mamajusi hawakuishia nje

Haya, tutazame Mathayo 2. Mamajusi walikuwa watazamaji wa mianga kupita watu wote. Walisafiri mbali kwa kuifuata nyota, na nyota ilipowasimamia juu ya mahali pale wakafurahi furaha kubwa. Laiti wangeishia hapo, wakaisifu nyota na kurudi kwao, wangekuwa wamefanya kama wafanyavyo wengi siku ya Noeli. Lakini mwinjilisti Mathayo asema waliingia nyumbani. Humo waliona mtoto pamoja na mama yake, wakaanguka, wakamsujudia, ndipo wakafungua hazina zao.

Tazameni utaratibu huo: nuru, mlango, mtoto, kisha zawadi. Nuru ilikuwa mwanzo wa safari yao, wala haikuwa mwisho. Wahenga wetu walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Hata Bwana mwenyewe hakututazama kutoka mbali. Yohana 1 yafundisha kwamba Nuru ya kweli ilikuja ulimwenguni, akakaa kwetu katika mwili. Alikuja gizani tulimo, akaingia. Hiyo ndiyo Injili ya Noeli, na mtu aliyeingiliwa hivyo hawezi kutosheka kupita nje ya nyumba ya ndugu yake.

V. Kazi yetu wakati wa Majilio

Basi nawashauri wazee wa kanisa na wainjilisti: desturi ya kutembea jioni nyumba kwa nyumba tusiikatae, bali tuigeuze. Katika juma moja la Majilio washarika watembee mtaani wawili wawili au watatu watatu. Wasianze na nyumba zenye taa nyingi, bali waanze na nyumba zenye giza: ya mjane, ya mgonjwa, ya waliofiwa mwaka huu, ya mzee ambaye watoto wake wako mjini, na ya yule aliyeacha kuja kanisani na hakuna aliyemwuliza kwa nini. Wabishe hodi. Wakikaribishwa, waketi, wasikilize kwanza, ndipo wasome mistari michache na kuomba. Wasisahau mkononi kitu kidogo, mafuta ya taa au unga au sabuni.

Na wenye kupamba nyumba zao, wapambe kwa furaha. Lakini kila atakayewasha taa dirishani aufungue na mlango, na atafute mtu mmoja wa kumkaribisha mezani siku ya sikukuu ambaye hawezi kumlipa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Maswali ya kuzungumza katika mkutano wa jioni

1. Taa za wachimba madini na taji ya Wichern zilikuwa kwa ajili ya nani?
2. Ni mambo gani katika sikukuu yetu ambayo tumeyafanya sharti, na Mungu hakuyaamuru?
3. Kwa nini Mathayo ataja kwamba mamajusi waliingia nyumbani?
4. Tajeni nyumba tatu za mtaa wenu ambazo hazijafikiwa na mtu wa kanisa tangu Pasaka. Nani atakwenda, na siku gani?

Swali la nne msiliache bila jibu. Liandikeni katika daftari la mtaa, mkaliulize tena kabla ya mkesha wa Noeli.

Bwana Yesu, uliye Nuru ya ulimwengu, atuangazie sisi sote, na kwa sisi awaangazie walio gizani. Amina.