Busaa bila kukaanga unga?

Swali: Nyanya yangu huchachusha unga wa mahindi siku kadhaa, huukaanga kwenye bati, kisha hutia kimea cha wimbi. Vijana husema sukari na hamira zinatosha. Je, kazi yote hiyo ni ya lazima? Msomaji, Kesses

Jibu: Kukaanga usiache. Wanga mbichi wa mahindi ni mgumu kwa kimea; ukipata moto ungali na maji, hulegea, na kimea huugeuza kuwa sukari. Kwenye kukaanga ndipo rangi ya kahawia na ile harufu ya busaa hutoka. Geuza madonge ya unga yasiungue, yaache yapoe kabisa ndipo utie kimea, kwani joto la nyuzi 70 na zaidi huua nguvu yake.

Hamira ya dukani si lazima: kimea huja na chachu yake, ingawa baridi ya Kesses huichelewesha. Sukari naipinga kabisa. Huongeza ukali tu na kuharibu ladha. Siku za kuchachusha unaweza kupunguza kidogo, mradi donge liwe limekuwa chachu, maana uchachu huo huzuia vijidudu vibaya.

Na mwambie nyanya: sheria ya Kenya ya 2010 ya kudhibiti vileo inadai leseni kwa anayetengeneza au kuuza pombe.