Betri Kuukuu na Mbegu ya Mwanamume

Kila mkulima ajua kwamba mbegu iliyoharibika haioti, hata udongo ukiwa mzuri namna gani. Mbegu ya mwanamume nayo huweza kuharibika. Moja ya vitu viiharibuvyo ni risasi, madini mazito yaliyomo ndani ya betri za gari, trekta na sola.

Risasi huingiaje mwilini? Mtu akivunja betri kuukuu, au akiyeyusha risasi yake motoni, huvuta moshi na vumbi lake. Vumbi jingine hushika mikononi na nguoni, likaliwa pamoja na ugali. Likiisha kuingia, sehemu kubwa hukaa mifupani kwa miaka mingi.

Humo mwilini risasi hupunguza hesabu ya mbegu, huzitia udhaifu wa kwenda, tena huharibu umbo lake. Mwanamume huweza kuwa na nguvu zake zote asijue lolote. Mtoto asipopatikana, mke ndiye alaumiwaye, na pengine kurudishwa kwao bila kosa.

Jambo hili si la mbali. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisumbua wakazi kwa risasi mpaka kikafungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3.

Basi, ndugu mkulima, shika haya:

1. Usivunje betri wala kuyeyusha risasi nyumbani. Iuze ikiwa nzima, na maji yake yasimwagwe.

2. Weka betri mbali na watoto, chakula na kisima. Ng'ombe nao hupenda kuiramba, nao hufa kwa sumu hiyo.

3. Ukiwa na kazi ya betri, nawa kwa sabuni kabla ya kula, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

4. Mkikosa mtoto kwa mwaka mzima, nendeni hospitali wote wawili. Sababu ni nyingi, za mume na za mke. Mweleze daktari kazi uliyoifanya, ili apime mbegu, na damu kama kuna haja.

Mwili hutengeneza mbegu mpya kwa muda wa siku 70 hivi. Kwa hiyo mtu akiiacha risasi mapema aweza kupata nafuu, ingawa ile ya mifupani hutoka polepole. Kabla ya kumlaumu mkeo, tazama kwanza kilichomo ghalani mwako.