Chuma Kinachozidi Huenda Wapi?

Wasomaji wengi wamepata kushika spana ya fundi wa motakaa. Katika spana nyingi ambazo hazikusuguliwa sana, ukipitisha kidole ubavuni utahisi alama nyembamba iliyoizunguka pande zote. Wako wadhanio kuwa hiyo ni kasoro. Sivyo. Ni mahali palipokatwa chuma kilichozidi wakati spana ilipofuliwa. Na chuma hicho, kabla ya kukatwa, kilifanya kazi kubwa.

Mhunzi wa kijijini hukigeuza chuma juu ya fuawe na kukipiga kidogo kidogo. Kiwandani hutumiwa kalibu mbili za chuma kigumu: moja imekaa imara chini, ya pili imefungwa katika nyundo ya mashini, na kila moja imechongwa uvungu wenye nusu ya umbo litakiwalo. Chuma hutiwa moto hata kufikia digrii 1,200 hivi za Sentigredi, kisha huwekwa katikati na kupigwa. Katika miaka ya 1850 kiwanda cha Samuel Colt huko Hartford, Marekani, kilifua sehemu za bastola kwa namna hii.

Shida ni kipimo. Chuma kikipungua, pembe za uvungu hazijai, na kitu hicho hakifai. Tena chuma kingine hupotea motoni kwa kugeuka magamba, wala vipande havikatwi sawasawa kabisa. Kwa hiyo fundi huweka chuma kuzidi kidogo, kwa makusudi. Lakini chuma hakishindiliki kama pamba: kikikosa pa kutokea, kalibu hazifungi, na huenda zikapasuka.

Basi mchoraji wa kalibu huacha njia nyembamba kuuzunguka uvungu wote, pale kalibu zinapokutana. Chuma kinachozidi hutokea hapo kikawa kama pindo la nguo. Pindo hilo, kwa kuwa ni jembamba, hupoa upesi likawa gumu kusukumwa. Hapo chuma kilichobaki ndani, kikiona mlango umekuwa mzito, hulazimika kuingia katika kila pembe. Hiyo ndiyo kazi ya pindo: kuzuia.

Kipimo cha njia hiyo chataka akili. Ikiwa nene mno, chuma hukimbilia nje na pembe hubaki tupu. Ikiwa nyembamba mno, nguvu nyingi huhitajika, na kalibu, ambazo ni za gharama kubwa, huchakaa mapema. Kanuni moja ya kuanzia ni kulipa pindo unene wa asilimia 3 ya unene wa kitu, na njia yenyewe upana wa mara 2 hadi 5 ya unene wa pindo. Kitu cha milimita 50 kitakuwa na pindo la milimita 1.5, na njia ya milimita 3 hadi 7.5.

Nje ya njia huchongwa mfereji wenye kina zaidi. Humo chuma hutulia bila kuzuiwa tena. Mfereji lazima uwe mkubwa kiasi cha kutojaa. Ukijaa, kalibu hazikutani, na kitu hutoka kinene kuliko kipimo.

Hata hivyo pindo kubwa ni hasara ya chuma na moto. Tuchukue konrodi ya injini, iliyo nene nchani na nyembamba katikati. Fundi hodari huifua kwanza fimbo ya chuma iwe nyembamba katikati na kukusanya chuma kwenye ncha, ndipo aitie katika kalibu ya mwisho. Hivyo pindo hupungua sana. Mwishowe pindo hukatwa kwa mashini, na mabaki yaweza kuyeyushwa tena.

Jambo moja lisisahauliwe. Nyuzi za chuma hufuata umbo la kitu, lakini penye pindo huelekea nje, na likatwapo ncha zake huachwa wazi. Kwa hiyo mchoraji mwenye busara huweka pindo mbali na mahali penye mzigo mkubwa. Kwa maana konrodi ikivunjika injini ikienda mbio, injini nzima yaweza kuharibika. Chuma kinachotupwa kwa mpango hukiokoa kile kinachobaki.